Majibu Yaliyokuja Baada ya Mazishi

Februari 1995, kwenye wadi za watu wazima za Hospitali ya Muhimbili, wagonjwa wa homa walianza kutolewa damu kwa utaratibu mpya. Ule wa zamani kila mtu aliujua. Mgonjwa anachomwa kidole, tone linapakwa kwenye kioo kutafuta malaria, na kabla majibu hayajarudi ameshatundikiwa dripu ya kwinini. Homa ikigoma, anaongezewa kloramfeniko kwa dhana kwamba ni homa ya matumbo. Ikigoma tena, ndugu wanaanza kuulizana pembeni kama wamrudishe nyumbani. Safari hii damu ilivutwa mshipani, ikaoteshwa maabara, na haikutupwa baada ya siku tano au saba kama ilivyozoeleka. Ilitunzwa kwa wiki kadhaa, kwa ajili ya kimelea kimoja kinachokua pole pole kuliko karibu vingine vyote vinavyomuua mtu.

Kazi hiyo ilifanywa na madaktari wa Muhimbili pamoja na wenzao wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Hadi Aprili walikuwa wameandikisha wagonjwa 517. Kati yao 282, yaani asilimia 55, walikuwa na VVU. Wagonjwa 145, asilimia 28, walikutwa na vimelea ndani ya mkondo wa damu. Salmonella walikuwamo, stafilokoka walikuwamo, na hao hawakumshangaza mtu. Jambo zito ni kwamba miongoni mwa vimelea vilivyoongoza orodha kulikuwa na kile cha kifua kikuu. Ripoti ilichapishwa mwaka 1998, ikitanguliwa na jina la Lennox Archibald.

Ili kuona uzito wa jambo hili, hesabu muda. Bakteria wa kawaida wa utumbo, E. koli, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi akiwa kwenye mazingira mazuri. Kimelea cha TB huchukua takriban saa 20 kufanya hivyo mara moja. Damu ya mgonjwa iliyotiwa kwenye chupa Jumatatu haitasema lolote kabla ya wiki mbili au tatu, na pengine zaidi. Mgonjwa mwenye VVU aliyefikishwa wadini akiwa amekonda, amepungukiwa damu na presha imeshuka, mara nyingi hana wiki tatu. Kwa hiyo kwa miaka mingi elimu ya ugonjwa huu ilijengwa kwa majibu yaliyorudi wadini na kukuta kitanda kina mgonjwa mwingine.

Kwamba TB inaweza kuingia kwenye damu halikuwa jambo geni kwa wanasayansi. Hata kabla Robert Koch hajatangaza ugunduzi wake wa kimelea cha TB mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, wachunguzi wa maiti walikuwa wameshaona mapafu, maini na wengu zilizojaa vipele vidogo vyeupe, vimetapakaa kila mahali kwa ukubwa uleule, mfano wa uwele uliomwagwa. Carl Weigert, mtaalamu wa maradhi wa Ujerumani, alionyesha kwamba uvimbe wa TB unaweza kutoboa ukuta wa mshipa na kumwaga vimelea ndani yake. Mjini Paris, Louis Landouzy alieleza wagonjwa waliokuwa na homa kali mithili ya homa ya matumbo, bila kikohozi cha maana, wakafa, na baada ya kupasuliwa ikaonekana ni TB tupu. Maelezo yake yanafanana mno na yale yaliyokuja kuandikwa miaka mia moja baadaye Kampala na Dar es Salaam.

Ila baina ya Landouzy na Kampala alipita mtu mmoja aliyeliharibia jambo hili jina. Ernst Löwenstein alikuwa bingwa wa maabara mjini Vienna. Chakula chake cha kuoteshea TB, chenye mayai na rangi ya kijani, baadaye kiliboreshwa na mtafiti Jensen na kinatumika hadi leo. Kwenye miaka ya 1930 alitangaza kwamba ameotesha vimelea vya TB kutoka kwenye damu, si ya wagonjwa mahututi wa TB pekee, bali hata ya wenye baridi yabisi na wenye maradhi ya akili. Maabara za nchi nyingine zilijaribu kurudia kazi yake, nyingi zikaambulia patupu. Mwaka 1933 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa taarifa ya G. S. Wilson iliyopitia ushahidi wote, na madai ya Vienna hayakusimama. Tangu hapo kutafuta TB kwenye damu kulionekana kazi ya watu wenye ndoto. Sababu ya kisayansi ilikuwapo pia: kwa mtu mwenye kinga nzima, damu si makazi ya kimelea hiki. Makrofeji, zile seli zinazomeza wavamizi, hukizingira kwa msaada wa seli za CD4 na kukifungia ndani ya uvimbe mdogo uitwao granuloma. Humo kinaweza kulala miaka hamsini.

Tanzania ilijenga mapambano yake dhidi ya TB juu ya ukweli huo wa mtu mwenye kinga nzima. Mwaka 1977 serikali ilianza mpango wa taifa wa TB kwa msaada wa Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliugua TB alipokuwa mfungwa wa kambi ya Mauthausen wakati wa Vita vya Pili. Mpango wake ulikuwa mwepesi na wenye nidhamu. Anayekohoa atoe makohozi. Makohozi yanapakwa kwenye kioo, yanamwagiwa rangi nyekundu, kioo kinapashwa moto kwa chini mpaka mvuke uanze kutoka, kisha kinaoshwa kwa asidi. Karibu bakteria wengine wote hupoteza rangi, wa TB huing'ang'ania, na chini ya hadubini anaonekana kijiti chekundu kwenye uwanja wa buluu. Mwenye vijiti anaandikwa kwenye rejista, anapewa dawa mbele ya mhudumu, na kila robo mwaka wilaya inaleta hesabu. Utaratibu huo wa Tanzania ndio uliozaa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani, WHO, liliusambaza duniani kwenye miaka ya 1990. Nchi maskini iliwafundisha matajiri, na sifa hiyo ni halali.

Shida ni kwamba mlango wa mpango huo ulikuwa makohozi. Asiyekuwa na vijiti kwenye makohozi alikuwa mgonjwa wa daraja la pili, wa kusubiri, wa kupewa kwanza antibayotiki nyingine aone kama atapona.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI waliripotiwa mkoani Kagera. Wenyeji waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wafanyabiashara wa kuvuka mpaka. Ng'ambo ya mpaka, Rakai, uliitwa Slim, na kwa jina hilo ukaingia kwenye jarida la Lancet mwaka 1985. Mgonjwa wa Slim alikonda mpaka mifupa ikahesabika, akiharisha na kupata homa isiyokatika. Waandishi wa kwanza waliona ni kazi ya kirusi chenyewe, ama ya vijidudu vya utumbo. TB ilitajwa, lakini pembeni.

Tuache kidogo Afrika Mashariki, kwa kuwa Marekani ilikuwa inaona kitu kingine. Mwaka mmoja tu baada ya taarifa ya kwanza ya UKIMWI ya Juni 1981 kutoka Los Angeles, madaktari wa huko walianza kuotesha kutoka kwenye damu za vijana kimelea kinachoitwa Mycobacterium avium. Huyu ni ndugu wa TB anayeishi majini na kwenye udongo, hata kwenye mabomba ya maji ya moto ya hospitali, na haambukizi kutoka mtu hadi mtu. Kabla ya UKIMWI, visa vya avium kusambaa mwili mzima vilikuwa vya kuhesabika kwenye majarida ya dunia nzima. Sasa kila hospitali kubwa ya San Francisco na New York ilikuwa navyo. Mgonjwa wa namna hiyo alikuwa na CD4 chini ya 50, akiloa jasho usiku, akiharisha, damu ikipungua wiki hadi wiki. Vimelea vilikuwa vingi kiasi kwamba njia mpya za maabara, zinazopasua seli za damu ili kuvitoa ndani vilikojificha, ziliweza kuhesabu ni vingapi kwenye kila mililita. Kidonda cha Vienna kilipona: damu ikawa tena mahali pa kutafuta maikobakteria, jamii ya TB na avium.

Kwanza madaktari wa huko walibishana kama avium anaua au ni abiria tu kwenye mwili unaokufa kwa mambo mengine. Ubishi haukudumu. Fedha zilikuwapo, wagonjwa walikuwa na sauti, na kampuni za dawa zilisikia. Rifabutini iliidhinishwa kwa kinga mwishoni mwa 1992, klarithromaisini na azithromaisini zikathibitika ndani ya miaka michache iliyofuata. Kisha mwaka 1996 zikaja dawa mseto za kufubaza VVU (ARV), na ugonjwa wa avium ukaporomoka. Mwaka 2018 miongozo mikubwa ya Marekani ilifika mahali pa kusema hakuna tena haja ya dawa ya kumkinga mtu na avium iwapo anaanza ARV mara moja. Ugonjwa ulizaliwa, ukapata jina, dawa na mazishi ndani ya kizazi kimoja.

Waliokuwa wakifanya kazi Afrika walijiuliza swali la kawaida: je, avium yupo na huku? Uganda walimtafuta mwishoni mwa miaka ya 1980 kwenye wagonjwa wa UKIMWI na hawakumpata. Kenya alipatikana, lakini kwa uchache. Mjini Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kati ya 2006 na 2008 walibainika wagonjwa watatu tu wenye VVU waliokuwa na maikobakteria wasio wa TB: wawili na aina adimu iitwayo Mycobacterium sherrisii, mmoja na jamii ya avium. Maelezo yaliyotolewa ni mengi, na moja halipendezi kulisema ingawa lina nguvu. Avium humsubiri mtu mpaka CD4 zake zikaribie kwisha. Huku kwetu wengi hawakufika huko. Walikuwa wameshauawa na vimelea visivyosubiri.

Vimelea hivyo alivionyesha Charles Gilks mjini Nairobi. Mwaka 1990 yeye na wenzake walichapisha habari za watu wazima 506 waliolazwa mfululizo. Waliokuwa na VVU walikuwa 95. Asilimia 26 yao walikuwa na bakteria kwenye damu, ikilinganishwa na asilimia 6 ya wasio na VVU. Salmonella na nimokoka ndio walioongoza. Matokeo hayo yalibadilisha fikra: mgonjwa wa UKIMWI wa Afrika hakuwa anakufa kwa maradhi ya ajabu yasiyo na tiba, bali kwa bakteria ambao penisilini na kloramfeniko vingeweza kuwamudu kama angewahiwa. Ila chupa za kawaida za maabara hazikuwekwa muda wa kutosha kumpata TB, na asiyetafutwa hahesabiwi.

Mjini humohumo Nairobi kulitokea janga jingine ambalo halipaswi kusahaulika. Dawa rahisi ya TB iliyotegemewa na nchi zetu, thiasetazoni, iligeuka sumu kwa wenye VVU. Mwaka 1991 Paul Nunn na wenzake waliripoti kwamba mgonjwa mmoja kati ya kila watano wenye VVU waliopewa dawa hiyo alipata madhara ya ngozi, na kwa baadhi ngozi ilibanduka kabisa. Kwa wasio na VVU ilikuwa mmoja kati ya mia. Hofu ilienea wadini kwamba dawa za TB zinaua, na kwa dawa hiyo moja hofu ilikuwa na haki.

Ushahidi mzito zaidi haukutoka kwenye chupa wala kwa wagonjwa walio hai. Ulitoka mochwari ya Treichville, Abidjan. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Sebastian Lucas, mtaalamu wa maradhi kutoka London, alifanya kazi na timu ya Kevin De Cock kupasua mamia ya maiti za watu wazima, kwa uangalifu, kiungo kwa kiungo. Kwa waliokuwa na VVU, TB ilikuwa ndiyo chanzo kikuu cha kifo kwa karibu theluthi moja. Haikuwa TB ya mapafu yenye mashimo, ile inayoonekana kwenye picha. Ilikuwa kwenye wengu, ini, tezi, uboho wa mifupa, vimelea vimetapakaa na mwili haukuweza hata kuunda granuloma. Mwaka 1994 Lucas alirudi na swali la Slim. Alilinganisha kukonda na kile alichokikuta ndani. Kwa maiti zilizokuwa hazijakonda, TB ilikuwapo kwa asilimia 25. Kwa zilizobaki mifupa mitupu, asilimia 44. Yaani karibu nusu ya watu ambao majirani walisema wamemalizwa na Slim walikuwa na ugonjwa wenye dawa, na dawa hiyo ilikuwa kwenye kabati la kituo cha afya, imefungiwa kwa sababu makohozi yao yalikuwa safi.

Hapo ndipo unapoelewa vizuri kwa nini makohozi yalidanganya. Mtu hutoa vimelea kwa kikohozi pale TB inapochimba shimo kwenye pafu na shimo hilo likapata njia ya hewa. Anayechimba shimo ni mwili wenyewe, kwa ukali wa kinga yake. Kinga ikiisha, hakuna shimo. Vimelea hupita kwenye limfu, huingia kwenye mshipa mkubwa na kwenda kokote. Mgonjwa aliye hatarini zaidi ndiye mwenye makohozi safi zaidi. Mfumo mzima wa Styblo, uliojengwa kwa akili nyingi, ulikuwa umempa kisogo bila kukusudia. Na wagonjwa waliongezeka: Tanzania iliandikisha wagonjwa wa TB takriban 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na zaidi ya 60,000 ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hao ni walioandikwa.

Dar es Salaam iliendelea kufanya kazi ya kipekee kwenye jambo hili. Mwaka 2001 chuo cha tiba Muhimbili na Chuo Kikuu cha Dartmouth cha Marekani, chini ya Kisali Pallangyo na Robert von Reyn, walianza utafiti ulioitwa DarDar. Watu 2,013 wenye VVU, wote wenye kovu la chanjo ya BCG, walipewa kwa kura ama chanjo iliyotengenezwa kwa maikobakteria aliyeuawa, ama maji yasiyo na kitu. Lengo lililowekwa mbele lilikuwa hasa TB iliyosambaa, ile inayothibitishwa kwa damu. Waliofuatiliwa kwa miaka, na damu zao kuoteshwa, walitoa majibu yenye pande mbili. TB ya kwenye damu iliwapata 7 waliochanjwa na 13 wasiochanjwa, tofauti ambayo kwa kanuni za takwimu haitoshi kudaiwa ushindi. TB iliyothibitishwa kwa ujumla ilipungua kwa asilimia 39. Bahati mbaya, au tuiite bahati njema, hao 20 ni wachache kwa sababu mambo mengine yalikuwa yamebadilika: tangu mwishoni mwa 2004 ARV zilianza kutolewa bure nchini, na wanaofuatiliwa kwa karibu walipewa pia isoniazidi ya kuzuia TB. Chanjo hiyo haijaingia kliniki hadi leo. Mimi nimekuwa nikiona ajabu jinsi kazi hii inavyotajwa kidogo na Watanzania wenyewe.

ARV zilitarajiwa kulifuta tatizo. Zililipunguza sana, hazikulifuta. Watu waliendelea kufika wakiwa wamechelewa, au wakiwa wameacha dawa kwa aibu, kwa kuhama, kwa nauli. Kwenye hospitali za Mulago, Kampala, na Mbarara, Shevin Jacob na wenzake waliwachunguza watu 368 wenye VVU waliolazwa kwa sepsisi, yaani maambukizi makali yanayoshusha presha. Walipochapisha mwaka 2013, watu 86, asilimia 23, walikuwa na TB kwenye damu. Kwa kawaida CD4 zao zilikuwa chini ya 20. Madaktari waliowaona wakati wa kulazwa hawakuwa wakiwahisi hivyo.

Kisa cha Lusaka kinafaa kusomwa sambamba na hicho. Mwaka 2001 hospitali moja ya Detroit ilionyesha kwamba mgonjwa wa sepsisi akipewa maji mengi ya dripu kwa haraka na dawa za kupandisha presha, anapona zaidi. Dunia ikafuata. Kwenye Hospitali ya Chuo Kikuu ya Lusaka, Ben Andrews na wenzake waliujaribu utaratibu wa namna hiyo kwa kura kwa wagonjwa 212, karibu wote wenye VVU, wengi wakidhaniwa kuwa na TB. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Waliopewa utaratibu mpya walikufa asilimia 48. Waliopewa huduma ya kawaida, asilimia 33. Maji yaliyoponya Detroit yaliua Lusaka. Sepsisi ya mwili uliojaa TB, uliokonda na kupungukiwa damu, katika wadi isiyo na mashine za kupumulia, ni jambo tofauti, na aliyeandika mwongozo hakuwa amemwona mgonjwa huyu.

Mlango uliofunguka haukuwa wa damu wala makohozi, ulikuwa wa mkojo. Ukuta wa kimelea cha TB una mafuta yenye sukari yaitwayo lipoarabinomanani, kwa kifupi LAM. Vimelea vikiwa vingi mwilini na vikafika kwenye figo, LAM hutoka na mkojo. Stephen Lawn, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Cape Town na kufariki mwaka 2016, aliona haraka maana yake: kipimo hiki kinashika hasa wale ambao makohozi yanawaacha. Muuguzi anadondosha mikrolita 60 za mkojo, matone mawili hivi, kwenye kijikaratasi. Anasubiri dakika 25. Mstari mmoja, hakuna; mistari miwili, TB ipo. Hakuna umeme, hakuna fundi wa maabara, na hakuna haja ya mgonjwa aliyelegea kukohoa asichokuwa nacho.

Mwaka 2016 Jonathan Peter na wenzake walitoa matokeo ya jaribio kwenye hospitali kumi za Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe na Tanzania. Vifo ndani ya wiki nane vilishuka kutoka asilimia 25 hadi 21 pale kipimo cha mkojo kilipoongezwa. Kwa vipimo, kupunguza vifo ni jambo adimu. Vingi hubadilisha karatasi tu. Mwaka 2018 jaribio la STAMP, Zomba nchini Malawi na Edendale nchini Afrika Kusini, lilipima mikojo ya kila mgonjwa mwenye VVU aliyelazwa, awe na dalili asiwe nazo. Kwa wote kwa pamoja vifo havikupungua vya kutosha, lakini vilipungua kwa wenye CD4 chini ya 100, wenye upungufu mkubwa wa damu, na waliohisiwa TB tangu mwanzo. WHO ilikipendekeza kipimo hicho 2015 na kukipanua 2019.

Baadhi waliuliza, kwa nini basi tusiwape wote dawa za TB bila kupima? Jibu la kliniki za nje lilikuwa limeshatolewa. Jaribio la REMEMBER la mwaka 2016, lenye watu 850 wenye CD4 chini ya 50 katika nchi kumi, lililinganisha dawa nne za TB kwa wote na isoniazidi peke yake. Kila upande ulipoteza asilimia 5. Lakini hao walikuwa watu waliotembea kwa miguu yao, waliochujwa kwanza kwa vipimo, TB ya wazi ikaondolewa. Aliyeletwa kwa machela ni habari nyingine.

Habari za aliyeletwa kwa machela zilijumlishwa mwaka 2020. David Barr na wenzake walikusanya takwimu za mgonjwa mmoja mmoja kutoka kwenye tafiti nyingi, zikiwa za maelfu ya watu, na kuzipima upya kwa pamoja. Ilionekana kwamba kwa mgonjwa wa VVU aliyelazwa hali mbaya na CD4 chache, TB kwenye damu si jambo la nadra hata kidogo, na kwamba hata chupa moja ya damu huwakosa baadhi ya walio nayo. Kilichonigusa zaidi ni siku. Kwa waliokuwa na TB kwenye damu, walioanzishiwa dawa baada ya zaidi ya siku nne tangu kulazwa walikufa kwa wingi zaidi kuliko waliowahiwa. Ni siku nne. Chupa inahitaji wiki mbili au tatu. Kwa maana hiyo chupa, iliyotufunulia haya yote tangu Muhimbili 1995, haiwezi kumsaidia mgonjwa mwenyewe. Inasaidia wanaoandika historia yake.

Wadi zinazofanya vizuri sasa hazisubiri chochote. Mgonjwa anapimwa mkojo saa ileile ya kupokelewa, makohozi yakipatikana yanakwenda kwenye mashine ya kupimia TB ya GeneXpert, na kama hali ni mbaya vidonge vya nne-kwa-moja vinaanza siku hiyohiyo, vikisagwa na kupitishwa kwenye mpira wa puani ikibidi. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu ambacho zamani kilikuwapo: hesabu ya CD4. Tangu kanuni ya kumpa kila mwenye VVU dawa ilipoingia mwaka 2016, CD4 haikuhitajika tena kuanzisha ARV, na mashine nyingi za kuihesabu zikabaki bila vitendanishi, kisha bila matengenezo. Mwongozo wa WHO wa 2017 juu ya ugonjwa wa VVU uliokomaa unamtaka mhudumu amtambue mwenye CD4 chini ya 200 ili ampe kifurushi cha huduma chenye vipimo vya mkojo na vya kuvu wa ubongo, lakini bila mashine analazimika kumtambua kwa macho. Kilitengenezwa kijikaratasi kingine, cha tone la damu ya kidole, kinachosema kwa dakika 40 tu kama CD4 ziko juu au chini ya 200, na WHO ilikipitisha mwaka 2020. Kwa hospitali ya wilaya, vijikaratasi hivyo viwili, cha damu na cha mkojo, vinatosha kumtoa mgonjwa huyu kwenye kundi la malaria sugu na homa ya matumbo kabla muuguzi wa zamu ya asubuhi hajamkabidhi wa jioni.